Springi za Pijo la Mjomba

Jumatatu, 8 Septemba 1980

Nina furaha! Nimeoa, na niliyemwoa ni Somoe. Leo nimeamka kabla yake, nikakaa namtazama alivyolala, mkono chini ya shavu, hina bado haijafutika vidoleni. Nikajiuliza nimefanya wema gani duniani hata nikapewa huyu. Sikumbuki hata mmoja. Basi ni bahati, na mimi ni mtu wa bahati.

Kuna jambo moja dogo. Jana Mjomba Selemani alimpeleka mama mkwe wangu mazikoni Naliendele. Mjomba ni kaka wa mama mkwe, ndiye mkubwa wa ukoo, na sote tunaishi uani kwake hapa Magomeni ya kusini, si ile ya Dar es Salaam: mimi na Somoe chumba cha mwanzo, dada yake Sharifa na mumewe Mnanje chumba cha mwisho. Gari la Mjomba ni Pijo 404, alilinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama. Mbele limeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Springi zimechoka. Shokomzoba, zile za kutuliza springi, zimekufa kabisa. Likiingia shimoni linadunda mpaka lichoke lenyewe. Jana lilidunda, mama mkwe akagonga kichwa juu, akarudi na nundu. Ameapa hapandi tena.

Baada ya chakula Mjomba akatoa hukumu. Macho yake yameingia ukungu, anahitaji dereva. Tena msimu wa korosho umefika, na shamba la Kilambo, kule ukingoni mwa Ruvuma, linahitaji mtu wa kukaa. Wakwe anao wawili. Atakayelitengeneza gari ndiye atakayeshika ufunguo na kubaki mjini. Mwingine atakwenda Kilambo mpaka korosho ziuzwe. Peke yake! Kibanda cha kule si cha kupeleka mwanamke.

Somoe akanifinya kidole. Nikaelewa. Nikasema upesi, kabla Mnanje hajafungua mdomo, kwamba kazi hiyo niachiwe mimi.

Mnanje akacheka mpaka akapaliwa na muhogo. Ni mwanyumba wangu, tumeoa ndugu wawili, lakini anajiona mkubwa kwa sababu alianza. Akauliza huyu Fomu Foo, ndivyo anavyoniita kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne, ameshika spana lini. Nikamjibu kwamba JKT niliendesha trekta msimu mzima. Akasema trekta halina springi. Nikamwambia ndiyo maana sikuharibu hata moja.

Mjomba akasema tutaona. Mimi nimeshaona.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeingia chini ya gari asubuhi. Kweli kumechakaa. Shokomzoba zinavuja mafuta, springi zimelala kama mkate uliokosa hamira. Lakini springi ni nini? Ni somo la kidato cha tatu: uzito ukizidi, springi inazidi kunywea, uzito ukiondoka, inarudi. Basi. Nilifaulu vizuri somo lile.

Nilipotoka Somoe alisema mikono yangu inapendeza ikiwa na grisi. Nimeamua kutoinawa mpaka jioni. Nimekula kwa kijiko.

Mchana Mnanje akaanza hila zake. Alikata vipande vya tairi kuukuu akavishindilia kwa nyundo katikati ya mizunguko ya springi. Gari likainuka! Mjomba akalizunguka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Sharifa akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha kunichoma. Mnanje akaniambia Kilambo kuna mbu lakini samaki ni wengi, nitazoea. Nilipoteza hamu ya kula. Nikaona kibanda, nikaona mto, nikajiona mimi nimekaa mlangoni naongea na ndege.

Halafu Mjomba akaliendesha kwenda msikitini. Vipande vikaruka kimoja baada ya kingine njia nzima, na gari likarudi limeinama kuliko lilivyotoka. Kimoja nilikiokota langoni kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamkabidhi Mnanje kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mali ya jirani iliyopotea. Akakipokea bila kushukuru. Malezi!

Jioni tumetembea Shangani, mimi na Somoe wangu. Upepo ulimchezea ushungi. Nimemwahidi kwamba nikishika ufunguo, safari ya kwanza itakuwa yeye na mimi, mpaka Msimbati, tukakae ufukweni tusiulizwe na mtu. Akasema nisijisahau, gari ni la Mjomba. Nikamwambia ufunguo utakuwa wangu.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Nimekwenda Mikindani kwa baiskeli, kwa Nazarali mwenye duka. Nilimweleza shida yangu. Akasema springi mpya za 404 hazipo, Tanzania nzima hazipo, hata Dar es Salaam watu wanafunga magari kwa kamba. Mkewe, Batulbai, alikuwa kando anachambua choroko. Akauliza kijana ana haraka gani.

Nikamweleza. Nilimweleza Somoe alivyo, macho yake, sauti yake anaponiita kula, jinsi anavyokunja shuka kama anakunja kitu chenye roho. Nikamweleza Kilambo, upweke, Ruvuma na viboko wake. Nadhani nilisema kwa muda, maana choroko ziliisha na akawa anachambua tena zilezile. Mwisho akajifuta macho kwa mtandio, akamwambia mumewe maneno kwa lugha yao. Nazarali akabisha. Batulbai akasema tena, polepole zaidi. Nazarali akainuka, akaenda stoo, akarudi na springi mbili mpya na shokomzoba zake, zimefungwa karatasi ya grisi. Alikuwa amejiwekea mwenyewe kwa siku mbaya.

Bure hakutoa. Alitaka baiskeli yangu, kwa kuwa yake haina matairi na madukani hayapo. Nikampa palepale. Mtu wa gari ana haja gani na baiskeli?

Akaniuliza kama nina chombo cha kubania springi. Nikamwambia ninayo akili. Akasema springi iliyobanwa haina adabu, yeye aliwahi kuona moja ikipita kwenye bati na haikupunguza mwendo. Batulbai akamkemea asimtishe bwana harusi. Mama mwema yule! Nimemwahidi kumletea Somoe amwone.

Nimerudi juu ya lori la muhogo, springi moja kila kwapa. Watu walinitazama. Naamini ni kwa husuda.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo nimezitoa za zamani. Jeki, magogo, spana, nyundo, jasho. Springi kuukuu hazikunipa tabu hata kidogo, zilishuka kama mzee anayeshuka kitandani. Nimecheka nikimkumbuka Nazarali. Haina adabu! Zina adabu kuliko Mnanje.

Tatizo ni mpya. Ni ndefu mno. Ili shokomzoba ipite katikati na nati ifungwe juu, springi lazima ibanwe kwanza, ifungwe waya ikiwa imebanwa, ndipo iingie mahali pake. Nimejaribu kuikalia. Haikusogea. Nikamwita Somoe tukaikalia wote wawili. Ilinywea kidogo tu, lakini hatukuinuka mapema. Kazi nyingine zina baraka yake.

Kisha akili ikanijia: wenzo! Nikachukua ubao mrefu wa mninga wa Mjomba, ncha moja nikaifunga kwa kamba chini ya mnazi, springi nikaiweka chini ya ubao karibu na mnazi, na ncha ya pili watu wakae. Nimepiga hesabu ya watu. Somoe ni mwepesi kama pamba. Sharifa hana uzito wa kutajwa. Mjomba ni mifupa na kanzu. Mnanje anakataa, anasema yeye si jiwe la mizani. Amebaki mtu mmoja uani mwenye uzito wa kufaa. Ni mama mkwe wangu, Mungu amzidishie.

Na hapo ndipo ugumu. Kwao, na hata kwetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Akipita, mimi napinda. Nikiingia, yeye anajifunika. Akitaka kuniambia jambo anakiambia kinu kilicho mlangoni, nami nasikiliza nikiwa nimetazama ukuta. Wiki iliyopita kinu kiliambiwa kwamba kuna mtu anakoroma humu ndani na bati zinalegea. Sasa nitamkalishaje kwenye ubao na mimi niko chini yake na waya mkononi?

Pazia! Nitatundika khanga ya Somoe kati yetu. Yeye upande wake, mimi wangu, Somoe katikati anapokea maneno huku na kuyapeleka kule. Somoe amekwenda kumwomba. Jibu limekuja kupitia kinu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: kwamba hakumwoza binti yake ili akalale anakumbatia mto, kwamba nundu bado inamuuma, kwamba atakaa, lakini mtu asithubutu kuchungulia.

Nampenda mama yule. Kwa mbali, kama inavyotakiwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Aibu! Aibu kubwa! Lakini hesabu zilikuwa sahihi.

Tumeanza baada ya sala ya Ijumaa. Khanga ilitundikwa kwenye kamba ya kuanikia. Mimi nilipiga magoti kwangu. Upande wa pili nikasikia ubao ukilia, na springi ikashuka mbele ya macho yangu, taratibu, kwa utii. Sijawahi kuona fizikia ikipendeza namna ile! Nikamwambia Somoe amwambie mama asante, akae hivyo hivyo. Nikaanza kuzungusha waya.

Waya wa kwanza umeingia. Kwenye wa pili, mama mkwe akauliza kama tumemaliza. Somoe akaniuliza. Nikasema bado. Somoe akasema bado. Lakini Mnanje, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi anatafuna karanga, alisema kwa sauti kwamba anaona Fomu Foo amekwama, na kwamba mzee wa watu atakaa hapo mpaka mwezi uandame. Mama mkwe akasema ikiwa ni hivyo basi anyooshe mgongo kidogo. Somoe akageuka kunieleza kwamba mama anataka kunyoosha mgongo. Mimi nikasema asithubutu. Somoe akageuka kumwambia asithubutu. Maneno yalikuwa bado njiani alipoinuka.

Sikuiona springi ikiondoka. Niliona ubao umesimama wima kama mlingoti, na khanga haipo. Springi iliichukua khanga, ikapita juu ya paa la jiko, juu ya ua, ikatoweka.

Na mahali pa khanga palikuwa na uso wa mama mkwe wangu. Uso mzima. Umbali wa mkono. Tulitazamana. Ana macho ya Somoe! Hilo ndilo nililowaza, Mungu anisamehe, kwamba ana macho ya Somoe. Akapiga ukelele akajitupia ushungi. Mimi nikakimbia nikajifungia chooni.

Nikiwa humo nilimsikia balozi wa nyumba kumi akiingia uani. Alikuwa ameibeba springi ndani ya khanga kama mtoto mchanga. Alisema imeangukia kwenye bata wake, hakuna aliyekufa, lakini nyumba nzima ililala kifudifudi wakidhani Mreno amerudi kutupiga mabomu. Mnanje akamwambia hapana, ni Elimu ya Kujitegemea.

Nimetoka jua linazama. Kinu kimekaa kimya jioni yote. Hakijaambiwa hata neno moja. Somoe alikuwa ananituliza, lakini kila akinitazama midomo yake inatetemeka, na mwisho akacheka mpaka akalia. Uzuri wake anapocheka! Karibu nisamehe dunia yote, isipokuwa Mnanje.

Jumamosi, 13 Septemba

Alfajiri kinu kimesema! Mama mkwe alikuja, akakigonga kwa mchi mara moja kama mtu anayebisha hodi, akakiambia kwamba yaliyoonekana jana hayakuonekana. Kwamba kichwa chake hakina nafasi ya nundu nyingine. Kwamba leo atakaa tena, safari hii tupeane migongo, na atakayemsemesha yeye akiwa juu ya ubao atakiona. Mnanje alikuwa anapiga mswaki. Aliuacha mswaki mdomoni.

Tumefanya. Mimi nimetazama mashariki, nikifunga waya kwa kupapasa nyuma ya mgongo. Yeye alitazama magharibi, anapeta mchele wake, hakutikisika. Simba yule! Nimefunga waya wa kwanza, wa pili, nikaona nisiwe bahili, nikaendelea kufunga. Springi zote mbili zimefungwa mpaka zinafanana na mizigo ya posta.

Adhuhuri zimeingia mahali pake. Shokomzoba zimekaa. Nati zimekazwa. Tumeshusha magogo. Pijo limesimama sawasawa, halijainama mbele wala nyuma! Mjomba akaliminya boneti kwa mikono. Halikudunda. Halikusogea hata kidogo. Akasema hajaona kitu kigumu namna hii. Sharifa hakupiga kigelegele. Nimepiga mwenyewe, moyoni.

Mnanje akachungulia chini ya tairi. Akauliza waya utatolewa lini. Akasema springi iliyofungwa si springi, ni gogo. Nikamwambia asijifanye mwalimu. Nimefikiri sana juu ya hilo. Springi imefungwa, imetulia, imejua nafasi yake. Nikiifungua itaanza kiburi chake, na kiburi chake nimekiona. Waya utabaki. Ni usalama wa familia.

Mjomba amenipa ufunguo. Nimelala nao chini ya mto. Somoe ameniita dereva. Kesho tunakwenda Kilambo sote kumfikisha Mnanje. Maskini, nimemsaidia mwenyewe kukunja godoro lake.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa kiti cha mbele cha Pijo. Mambo hayakwenda vibaya sana, ukiyatazama kwa ujumla.

Tulichelewa kutoka. Mnanje alifunga godoro kwenye keria, akalifungua, akalifunga tena, akakumbuka kandili, akakumbuka chumvi. Hila tupu. Jumapili gari la mtu binafsi haliruhusiwi barabarani baada ya saa nane mchana, na jua lilikuwa limeshapanda. Mbele tulibanana watatu: mimi kwenye usukani, Mjomba, na Mnanje mlangoni. Nyuma mama mkwe, Sharifa na Somoe. Kioo cha ndani nilikigeuza kitazame juu, nisije nikamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Adabu kwanza.

Gari lilikuwa gumu, sikatai. Kila jiwe tulilipata kama lilivyo. Mjomba alisema meno yake yanahama. Lakini halikudunda! Nyuma niliposikia mama mkwe akimwambia Somoe kwamba kichwa chake hakijagusa juu, nilitaka kuimba. Nikaongeza mwendo, kwa furaha na kwa sababu ya saa nane.

Tulikuwa tumekaribia kabisa. Miti ya shamba la Mjomba ilikuwa inaonekana. Ghafla mlio kama bunduki upande wa Mnanje, na gari likainuka bega moja. Mnanje akapiga kelele kwamba ni waya. Nikamwambia ni pancha. Akasema pancha hainui gari. Nilikuwa bado natafuta jibu ulipokatika waya wa upande wangu, na gari likaruka lote, likatua, likaruka. Springi zile mpya zilikuwa na nguvu zote za kiwandani.

Hapo ndipo mama mkwe aliposahau kila kitu akanishika bega kwa nyuma. Alisema:

"Wewe, mume wa Somoe! Mtoto wa watu! Simamisha gari!"

Mimi! Alinisemesha mimi! Si kinu, si ukuta. Tangu nioe sijawahi kusemezwa na mama mkwe wangu. Mtu aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa hageuzi kisogo. Nikageuka, nikainamisha kichwa, nikamwitikia kwa heshima zote:

"Labeka, mama."

Kichuguu kilikuwa mbele.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Godoro la Mnanje liliruka likatangulia. Rejeta imetoboka, maji yote yamekwenda na mchwa. Mjomba alishuka akautazama mvuke. Kisha akasema kwa utaratibu, kama anasoma khutuba. Rejeta ya 404 haipatikani leo wala kesho. Gari haliwezi kuachwa porini bila mtu. Mwenye ufunguo ni dereva, na dereva hukaa na gari lake. Na kwa kuwa dereva atakuwa yuko hapa, na shamba liko hapa, hakuna haja ya kupoteza wakwe wawili.

Nilimwonyesha kwamba gari nimelitengeneza, kwamba liko juu mbele na nyuma. Akasema ndiyo, limetengenezeka, na ahadi yake haivunji: ufunguo ni wangu.

Lori la ushirika likapita. Mnanje alilipandisha godoro lake kwa upole, akalipangusa vumbi, akaniambia mwanyumba, samaki ni wengi, utazoea.

Somoe alilia. Nilimshika mikono. Alisema anabaki na mimi, alale hata chini ya gari. Mama mkwe, aliyekuwa amekwishajifunika tena, akaligonga boneti mara mbili. Akaliambia kwamba binti yake halali chini. Kibandani amechungulia, hamna kitanda, mna mkeka na nge. Siku mume wa Somoe akiwa na kitanda cha kulaza mtoto wa mtu, apeleke habari, Somoe ataletwa siku hiyohiyo. Bila kitanda, mpaka korosho ziuzwe.

Lori likaondoka. Nilimpungia mpaka vumbi lilipotulia. Kwa hiyo sasa ni suala la kitanda tu.

Jumatatu, 15 Septemba

Kilambo pazuri. Mbu wanajua kazi yao. Usiku nimelala kwenye kiti cha nyuma nikinusa mahali alipokaa Somoe.

Nimewauliza wanakijiji habari ya kitanda. Fundi seremala alikufa mwaka juzi. Mwanawe anatengeneza vitanda vya kamba, lakini kamba hana, anangoja mgao, na mgao umekwenda kijiji kingine. Nimezunguka mpaka kivukoni. Kila kitanda kina mwenyewe, na kila mwenyewe yuko juu yake.

Mwenyekiti wa kijiji amekuja kujitambulisha. Ni mtu mkubwa, kwa cheo na kwa mwili, akikaa benchi lote linamwitikia. Aliniuliza nitakaa muda gani. Nikamwambia si sana. Aliniuliza kama najua kuchoma korosho. Nikamwambia nimesoma fizikia. Akasema karibu hata hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepata! Sijui kwa nini sikufikiri mapema. Ningekuwa nimelala kwa raha tangu Jumapili.

Nani alisema kitanda lazima kiwe cha kamba? Mjini, kwenye nyumba za maofisa kule Shangani, wanalala vitanda vya springi. Na springi ninazo! Mbili mpya za kiwandani na mbili za nyuma, zimekaa bure ndani ya gari ambalo haliendi popote. Juzi na jana nimezitoa zote, za mbele na za nyuma. Pijo limelala kwa tumbo kama mbwa wakati wa joto, linapumzika. Mjomba akija zitakuwa zimesharudi, hatajua.

Fremu nimetengeneza kwa miti ya mkorosho mkavu. Chini springi nne, moja kila pembe. Juu nitaweka mlango wa kibanda, ambao haukuwa unafunga vizuri, na juu ya mlango godoro la sufi nililopewa na mke wa mwenyekiti. Kitanda cha springi, Kilambo! Somoe wangu atalala kama mke wa mkuu wa mkoa. Dereva wa lori ameshapeleka habari Magomeni na amerudi na jibu: mama mkwe anamleta mwenyewe Jumamosi. Nikaruka ruka peke yangu mpaka mbuzi wa watu wakakimbia.

Kazi iliyobaki ni ndogo. Springi bado ni ndefu, mlango unakaa juu mno, Somoe angehitaji ngazi. Lazima zibanwe zote nne kwa pamoja, zifungwe waya. Uzito unahitajika. Nimezungumza na mwenyekiti, na amekubali kwa moyo wa ujamaa kuja kesho baada ya sala kulala juu ya mlango, yeye na wajumbe wake wawili.

Kosa la Magomeni sasa nalijua. Nimelifikiria kwa utulivu, kisomi. Halikuwa springi, wala hesabu, wala waya. Lilikuwa pazia. Maneno yalikuwa yanapita mkono wa pili, yakachelewa. Mwenyekiti si mkwe wangu. Tutatazamana usoni mwanzo mpaka mwisho, na nikimwambia asiinuke, atanisikia mimi mwenyewe.

Sioni litakaloharibika.